Kuta Zetu Zinajua Kukataza Tu

Tembea kutoka Mnazi Mmoja mpaka Msimbazi, halafu kata kulia au kushoto, mtaa wowote ule wa Kariakoo, na usome kuta. Nasema usome, maana kuta za Dar es Salaam ni gazeti la bure. Utakutana na "Usikojoe hapa", faini yake ikiwa imeandikwa kwa rangi nyekundu na mkono uliokuwa na haraka. Utakutana na "Usitupe taka", "Usiegeshe gari", "Usibandike matangazo". Ukifika kwenye geti la zahanati utakuta picha kubwa ya rangi, na chini yake usi- nyingine mbili tatu. Ndugu msomaji, nimejaribu kuipanga kichwani sanaa yote ya hadhara inayohusu afya niliyoiona kwa macho yangu hapa mjini, na naona karibu yote imejengwa juu ya kiambishi hicho kimoja.

Najua mtaniuliza: kwani bango la zahanati nalo ni sanaa ya kuhakikiwa? Jibu langu ni ndiyo. Kuna mtu kakaa, kachagua rangi, kaamua mgonjwa awe na uso gani, daktari asimame wapi, maneno yawe makubwa kiasi gani. Hiyo ni kazi ya sanaa, iwe nzuri au mbaya. Tena inasomwa kuliko sisi. Hadithi zetu humu zinasomwa na washkaji zetu na walimu wachache wenye moyo. Ukuta wa Mtaa wa Kongo unasomwa na kuli, na mama lishe, na mwanafunzi aliyetumwa daftari, na bibi aliyetoka Kisarawe kununua khanga Mtaa wa Uhuru. Kitu kinachosomwa na watu wote hao kikikosea, kinawakosesha wengi.

Swali langu ni moja. Kwa nini sanaa yetu ya hadhara, inapofundisha afya, huufundisha mwili kana kwamba hauna mwenyewe. Na inapomgusa mtu mwenye shida ya akili, humcheka? Mwili na roho tumevichora kwenye kuta mbili tofauti, wakati mtaani watu wanavitaja kwa pumzi moja.

Mji wa mabega

Tuanze na jina lenyewe. Kariakoo ni "Carrier Corps", jeshi la wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, jina lililotafunwa na ulimi wa Kiswahili mpaka likawa letu. Watu wale hawakubeba bunduki. Walibeba chakula, risasi na mahema ya wenye bunduki, na waliokufa walikufa zaidi kwa malaria, kuhara damu, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Kwa maneno mengine, kitongoji chetu kimepewa jina la miili iliyochoka.

Sasa nenda katikati ya mji, kwenye ile Sanamu ya Askari iliyosimikwa 1927. Ndiyo sanaa ya hadhara inayojulikana kuliko zote Dar. Nani kasimama juu? Askari, bunduki mkononi, kaelekea bandarini. Mpagazi hayuko juu pale. Huu ni uamuzi wa kisanaa, na mimi nauona kama chanzo cha tabia mbaya iliyotufuata mpaka leo: tunamchora anayeamuru, hatumchori anayebeba.

Kariakoo yenyewe ina kazi moja ya hadhara inayofikiri kwa namna nyingine. Ni jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975. Mapaa yake ya zege yamesimama kama uyoga uliopindua mwavuli wake juu, yakikinga mvua na kuiteremsha hifadhini chini ya ardhi. Sijui kama kuna somo la afya lililo wazi kuliko hilo: kivuli, hewa, maji, nafasi ya kupumua, bila neno hata moja ukutani. Amuli hakumwambia mchuuzi "usichoke". Alimjengea mahali pa kutochoka sana. Moto wa Julai 2021 ulipoliunguza soko, wengi tulihesabu bidhaa zilizoteketea. Wachache walisema kwamba palikuwa pameungua pia kitu kilichokuwa kikituheshimu.

Kutoka kwenye redio mpaka kwenye fuvu

Isionekane kwamba hatujawahi kufanya vizuri. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio, wakawa na kitabu, wakawa na kiongozi wa kikundi, na baada ya kipindi walijadiliana: sisi hapa kijijini tunafanya nini kuhusu mbu, kuhusu maji, kuhusu choo? Angalia muundo wake, mwandishi mwenzangu. Sauti inatoka redioni, lakini neno la mwisho linabaki kwa wanaosikiliza. Upungufu wake ni kwamba afya iliyozungumzwa ilikuwa ya kuanzia shingoni kwenda chini. Minyoo ilikuwamo, safura ilikuwamo. Huzuni haikuwamo. Na hali Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuandika katika katiba yake, iliyoanza kutumika 1948, kwamba afya ni ustawi wa mwili, akili na maisha ya kijamii pamoja.

Kisha ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza waligunduliwa Kagera 1983, na huko watu waliuita Juliana, jina la shati lililokuwa fasheni. Mabango mengi ya mwanzo yalikimbilia fuvu, jeneza na mtu aliyekonda. Nia ilikuwa kuogofya, na watu waliogopa kweli. Lakini mtu aliyeogopa hufanya nini? Hufumba macho. Mtaani ugonjwa ukapewa majina ya kuzugia: ngoma, umeme, mdudu. Jamaa kaumwa, watu wanasema "kakanyaga waya", wanacheka, wanabadilisha mazungumzo. Mimi nasema majina yale yalikuwa uhakiki. Wananchi walikuwa wanayajibu mabango: mmetuletea kitu kisichotazamika, basi sisi tutakitazama kwa pembeni.

Na yule aliyekwisha kuambukizwa? Yeye alipita kila siku mbele ya fuvu lililochorwa kwa ajili ya kumtisha jirani yake. Ule woga, ile aibu, kule kujificha mpaka dawa zinapochelewa, yote hayo ni maradhi ya roho yaliyoshuka mwilini, na bango lilikuwa na mkono wake humo.

Kilichobadilisha mchezo ni hadithi. Julai 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Mkwaju, dereva wa lori, hakuwa fuvu. Alikuwa mtu unayemfahamu, mcheshi, mkaidi, ana mke anaitwa Tunu anayechoka naye mpaka anaanza kusimama kwa miguu yake. Msikilizaji alimgombeza Mkwaju jikoni na kwenye daladala. Miaka kumi na mitano hivi baadaye ikaja kampeni ya Fataki, juu ya mijibaba inayowanyemelea wasichana wa shule, na neno fataki likahama redioni likaingia kitaani, mpaka leo mtu mzima akijipendekeza kwa binti anaitwa hivyo hadharani. Hapo sanaa ilifanya kazi yake. Iliwapa watu jina, ikawaachia walitumie wenyewe.

Kwa hiyo redio ilijifunza kusimulia. Ukuta bado unafoka.

Kichwa kilichoshikwa kwa mikono miwili

Sasa nije kwenye mfano wenyewe, maana uhakiki bila mfano ni porojo. Kuna zahanati moja katikati ya mji, jina lake naliacha, ambayo ukutani mwake imechorwa picha ya presha. Mnaijua picha ya aina hiyo, ziko nyingi. Mwanamume mnene kidogo, shati jeupe, kashika kichwa kwa mikono miwili, macho kayafumba, mishipa imemtoka. Pembeni daktari, koti jeupe, kidole juu. Chini: usile chumvi nyingi, usinywe pombe, usivute sigara, usiwe na mawazo.

Nilisimama pale siku moja na mzee mmoja wa mkokoteni aliyekuwa anapumzika kivulini, akingoja mzigo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana."

"Picha hii unaionaje?"

Akaitazama kwa muda, kama mtu anayetazama bidhaa asiyoitaka. Akasema, "Huyu ni mtu wa ofisini. Kichwa kinamuuma. Mimi hakiniumi."

"Ulishawahi kupima presha?"

"Nipime ya nini na kichwa hakiniumi?"

Basi. Uhakiki wote wa picha ile ulikuwa kwenye jibu hilo, na mzee hakuhitaji digrii kuutoa. Presha ya juu mara nyingi haina dalili yoyote. Mtu anaweza kutembea nayo miaka, anabeba, anacheka, analala, mpaka siku inapompiga kiharusi au moyo au figo. Ndiyo maana huwezi kuijua kwa kuisikiliza. Unaijua kwa kipimo tu, na ikirudia kusoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, basi unayo. Mchoraji aliyeshikisha kichwa yule jamaa alitaka kuuonyesha ugonjwa uonekane, na kwa kufanya hivyo akamfundisha mzee wa mkokoteni uongo: kwamba asiyeumwa kichwa hana presha. Picha nzuri kwa mkono, rangi safi, na imemrudisha mtu kwenye mkokoteni wake bila kupima. Tena wapo wanaoacha dawa kwa sababu hiyo hiyo. Kichwa kimetulia, wanasema nimepona.

Angalieni na yale maneno ya mwisho: usiwe na mawazo. Jamani! Mtu mwenye kodi ya miezi mitatu, mtoto karudishwa shule, bidhaa zimekamatwa na mgambo, unamwandikia ukutani "usiwe na mawazo"? Hata mlevi wa kijiweni hatoi ushauri mwepesi namna hiyo.

Mtaa unajua zaidi ya bango

Kinachoniudhi ni kwamba lugha ya mtaani imekwisha kufanya kazi ambayo wachoraji wetu hawajaanza. Sikilizeni watu wanavyosema. Moyo mzito. Roho inaniuma. Damu imenichemka. Nimekufa ganzi. Maini yamenikatika. Kichwa kimepata moto. Mama lishe hasemi "nina sonona"; anasema mgongo wote unawaka, usingizi hauji, chakula hakipandi, ana mawazo. Madaktari wa akili wanatuambia kwamba sonona mara nyingi huingia zahanati kwa mlango huo huo: uchovu usioisha, maumivu yasiyo na chanzo kinachoonekana, usingizi uliokatika. Mgonjwa anapewa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Neno la Kiswahili lilikuwa limetaja mwili na roho pamoja. Aliyesikiliza akachukua nusu.

Lakini na mimi sitaki kuupamba mtaa kupita kiasi. Mtaa nao hukosea, na msanii asiyejua hilo atachora makosa ya mtaa kwa rangi za kupendeza. Kila mtu Kariakoo atakwambia vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimkamata bakteria anayesababisha vidonda vingi vya tumbo, na 2005 wakapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Chanzo kingine kikubwa ni vidonge vya maumivu vya aina ya aspirini na daiklofenaki, vile vile ambavyo mbeba mizigo anavimeza kila jioni ili mgongo umruhusu kesho. Mawazo yanaweza kuyazidisha maumivu, ni kweli, lakini mwenye vidonda akiambiwa "punguza mawazo" tu, atakosa dawa inayotibu bakteria wake. Kwa hiyo, somo la mwili na roho si kusema kila kitu kimetokana na mawazo. Somo ni kuonyesha njia halisi ambazo kimoja hupitia kufika kwa kingine: hofu inaharakisha mapigo ya moyo, wasiwasi unakata usingizi, kukosa usingizi kunaleta pombe na sigara, mzigo unaleta maumivu, maumivu yanaleta kidonge, kidonge kinachimba tumbo. Huo ni mnyororo. Mnyororo unachoreka, bwana. Unachoreka kuliko fuvu.

Na hapa niwataje watu wetu wa vichekesho. Tangu enzi za Muungano na TOT kushindana jukwaani, mpaka filamu za leo, chizi ni mtu wa kuchekwa. Nywele timtim, makopo kiunoni, anakimbiza watoto. Tumeipa hospitali ya Mirembe, iliyoko Dodoma tangu 1927, kazi ya kuwa tusi. "Dishi limeyumba," watu wanaanguka kwa kicheko. Kisha binti wa mtu anaanza kusikia sauti, na familia inamficha chumbani miaka miwili kwa sababu inaijua ile picha ya makopo kiunoni na haitaki binti yao awe ndiye. Kicheko kile kina bei, na anayeilipa hayumo ukumbini.

Mashetani ya Lilanga

Wanaosema kwamba kuichora roho ni jambo la Wazungu wamemsahau George Lilanga. Alizaliwa 1934 Masasi, akaja Dar, akaanza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, ile iliyoanzishwa 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, kabla ya kutambuliwa kwamba mlinzi mwenyewe ndiye msanii. Nyumba ile ilipata jengo lake Upanga 1983, na jengo lile halipo tena. Lilanga alitoka katika uchongaji wa Kimakonde wa mashetani, akawatoa mashetani kwenye mpingo akawaweka kwenye rangi: masikio makubwa, matumbo yamevimba, vidole vichache, midomo wazi, wanabebana, wanapika, wanagombana, wanakwenda hospitali na shuleni.

Watalii wanaona vichekesho. Mimi naona darasa ambalo Wizara haijawahi kulichora. Katika Lilanga hakuna mwili usio na hali ya moyo. Tumbo likivimba, linavimba kwa ulafi au kwa njaa au kwa hofu, na unaijua ni ipi kwa kuangalia macho ya jirani yake kwenye picha. Hakuna aliye peke yake. Mguu wa huyu unaingia kwenye mkono wa yule. Shetani wake si mgonjwa wala mzima. Ni sisi, siku tunapobanwa. Na mtu huyu alijua anachochora: miaka yake ya mwisho kisukari kilimpotezea miguu, akaendelea kufanya kazi akiwa ameketi, mpaka alipofariki Juni 2005.

Hebu mfikirie Lilanga angepewa ukuta wa zahanati achore presha. Sidhani angemshikisha mtu kichwa. Nadhani angechora mtu anayecheka huku kabeba gunia, na juu ya gunia wamekaa wengine sita: mwenye nyumba, shemeji, mgambo, mtoto wa shule, chupa, na mmoja mdogo kabisa, asiyeonekana vizuri, anayeminya mshipa taratibu. Mzee wa mkokoteni angesimama. Angecheka, halafu angeuliza, "Huyu mdogo ni nani?" Hilo swali ndilo lingempeleka kwenye kipimo.

Na kina Tingatinga? Edward Saidi Tingatinga aliyeanza kuchora 1968 na kufariki 1972 alituachia mtindo wa rangi za baiskeli ambao umelisha familia nyingi hapa mjini. Wafuasi wake wamechora hospitali na waganga, foleni, sindano, mama mjamzito kwenye mkokoteni. Picha hizo zina ucheshi na ukweli kuliko bango lolote la serikali. Ila ziko wapi? Ziko Msasani kwa wageni, zinapanda ndege. Mgonjwa aliyechorwa haioni picha yake. Nasikitika kusema kwamba sanaa yetu bora kuhusu afya imetundikwa kwenye kuta za sebule za Ulaya, na kuta zetu tumepewa usi-.

Nani analipa rangi

Lazima tuwe wakweli kuhusu mshiko. Mchora mabango wa Gerezani hachori anachotaka. Anakuja mtu na karatasi, maneno yameandikwa tayari, tena yametafsiriwa, nembo nne za wafadhili chini, na mchoraji anaambiwa azikuze nembo. Nimeona picha ambayo nembo zilikula robo ya ukuta na mgonjwa akabanwa kona. Mradi ukiisha, rangi inapauka, kampuni ya simu inanunua ukuta, na somo linafunikwa na tangazo la vocha. Simlaumu mchoraji. Namlaumu anayedhani mchoraji ni mkono tu.

Mfano wa kufanya vingine tunao nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Amandina Lihamba, Penina Mlama na Eberhard Chambulikazi walikwenda vijijini, Malya ikiwemo, na sanaa za maonyesho ambazo wanakijiji wenyewe walitafiti shida yao, wakaitungia igizo, wakaicheza, kisha wakajadili. Mchezo uliishia kwenye mkutano. Kwa nini ukuta usitoke kwenye mkutano? Na tukivuka mipaka, Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda alianza 2006 kutumia kitu kisicho na ufundi wowote: benchi. Benchi nje ya zahanati, bibi wa mtaa aliyefunzwa ameketi, na mwenye "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi kwa Kishona, anakaa kando yake anasema yaliyomsibu. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba waliokaa benchini walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango ule baadaye ukafika Malawi na Zanzibar.

Sisi benchi tunalo. Linaitwa kijiwe. Lina kahawa, lina kashata, lina wazee wanaojua kusikiliza. Linachokosa ni mtu aliyefunzwa na kipimo cha presha, na ukuta nyuma yake wenye picha inayoanzisha maneno. Vijana wa grafiti kama Wachata wameshaonyesha kwamba spre inaweza kuandika Kiswahili chetu bila kuomba radhi. Wakutane na muuguzi, wakutane na wenye kijiwe, wakae wiki nzima kabla ya kufungua kopo la rangi.

Maswali matatu kwa mwenye kalamu na mwenye brashi

Sisi waandishi tusijifanye watazamaji. Maneno yaliyoko kwenye mabango yale yameandikwa na watu wenye kalamu kama sisi. Kwa hiyo ukiletewa dili la kuandika maneno ya ukuta wa afya, nakuomba ujiulize mambo matatu.

Kwanza, je, ni kweli? Usiandike dalili ambayo haipo kwa sababu inachoreka. Muulize daktari mpaka achoke.

Pili, je, anayesoma yumo? Kama mgonjwa ni wa ofisini na msomaji ni wa mkokoteni, umeandika barua kwenye anwani isiyo yake. Mweke kuli. Mweke mama lishe na moshi wake. Mweke yule aliyepoteza ndugu jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, likaua watu zaidi ya 20, na ambaye mpaka leo akisikia kishindo anatoka mbio. Huyo naye ni mgonjwa, na hakuna ukuta uliomwambia kwamba kutetemeka kwake kuna jina na kuna msaada.

Tatu, je, ukuta wako unauliza chochote? "Mara ya mwisho kulala usiku kucha ilikuwa lini?" Maneno hayo hayahitaji fuvu wala faini. Mtu akiyasoma akiwa na gunia begani, atayajibu moyoni kabla hajafika Mtaa wa Sikukuu. Chini yake andika mahali pa kwenda, siku na saa, na kwamba kupima kunachukua dakika chache. Hilo tu.

Nimemaliza yangu. Anayeona nimewaonea wachoraji, au kwamba usi- bado ina kazi yake katika mji usiosikia, aandike. Ukurasa upo na mhariri anapenda ugomvi wa hoja. Ila kabla hajaandika, apite kwanza kwenye ukuta wa zahanati ya mtaani kwake, asimame dakika kumi, na amuulize mtu wa kwanza anayepumzika kivulini anaona nini pale.